AKILI YA KUBUNI: TUTAZAME CHUKUDU VIZURI



Katika numero hii tunataka kujifunza pamoja juu ya jambo moja ambalo walimu wanalitaja sana na sisi tunalipita haraka: kubuni. Kubuni ni kutoa, kwa akili na kwa mikono, kitu ao njia ambayo haikuwako mbele. Wengi kati yetu tunafikiri ile ni kazi ya watu wa Ulaya wenye mashini na laboratwari. Hata tukiona mutu wa kwetu anatengeneza kitu cha ajabu, tunasema: "Huyu ana akili sawa muzungu." Neno hilo halifai. Tena si la kweli, na shahidi wa kulikatalia anapita kwa barabara za Goma na vijiji vyake, analia kii-kii-kii, amejaa makala na viazi. Ni chukudu.

Basi tuache kwanza maneno makubwa, tutazame chukudu vizuri, kama vile tunavyotazama kitu kwa somo la fizika.

KITU CHENYEWE

Kwa wale wanaotoka mbali, Kindu ao Lubumbashi, ambao hawajaiona: chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele, moja nyuma. Kati yao kuna ubao mukubwa wenye nguvu, murefu sawa mutu muzima ao kupita. Mbele kuna mikono miwili ya kushika, inasimama kama pembe za ngombe. Mwenye kuiendesha anapiga goti moja juu ya ubao, pahali palipogongwa kipande cha mupira kusudi goti lisiumie, na muguu wa pili unasukuma chini. Akishuka mulima hasukumi tena, anashikilia tu. Magurudumu ni ya muti, yamevikwa mupira uliokatwa kwa magurudumu ya motokari ya zamani. Nyuma kuna kipande kingine cha mupira kinachoningʼinia juu ya gurudumu: ukikikanyaga, kinabana gurudumu na mbio inapunguka. Ile ndiyo freni.

Maseremala wanachagua miti migumu, na kaliptusi inatumiwa sana. Mara nyingi ndani ya tundu la gurudumu wanatia rulema zilizotolewa kwa motokari zilizokufa. Fundi mwenye kuzoea anamaliza chukudu moja kwa siku moja, mbili ao tatu.

Chombo hiki kilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Tukumbuke miaka ile ilikuwa namna gani. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba maduka, mashamba na makampuni ya wageni yatatiwa mikononi mwa wananchi. Wengi waliopewa duka hawakujua kazi ya duka. Walikula bidhaa, kisha rafu zikabaki wazi. Halafu, tangu mwaka wa 1974, bei ya shaba ikaanguka kwa soko ya dunia, na inchi ikakosa feza za kununulia petroli na vipande vya kamio. Kamio zikalala. Lakini kabichi haijui habari ya bei ya shaba. Iliendelea kukomaa kule milimani, na watu wa muji waliendelea kutaka kula. Kati ya shamba na soko kulikuwa njia ya mawe, kupanda na kushuka, na mama zetu waliibeba ile kabichi kwa mugongo, kamba imepita kwa paji la uso.

Tuone vizuri pahali akili ilipoanzia. Hakuna mutu aliyeamka asubuhi na kusema: "Leo ninataka kubuni." Mugongo ulikuwa unauma, na mutu fulani aliuangalia ule mugongo kwa muda murefu kuliko wengine.

JUU YA NINI INABEBA

Mutu mwenye kubeba kilo 50 kwa mugongo, nguvu zake nyingi zinaishia kwa kushikilia muzigo usianguke. Hata akisimama pahali pamoja anachoka. Kwa chukudu, uzito unashikwa na magurudumu na ardhi; mwenye kusukuma anashindana tu na kile kinachozuia gurudumu kuzunguka, na mulima kama uko. Ndiyo maana kijana mumoja anapita na kilo 300, kilo 400, hata zaidi, naye hana motere.

Sasa ile mikono ya mbele. Juu ya nini inapanuliwa namna ile? Wengine wanafikiri ni urembo. Tuhesabu. Tuseme gurudumu la mbele, likielemewa na muzigo, linataka nguvu ya kilo 20 kusudi ligeuke, kama tunashika kwa sentimetre 20 kutoka katikati. Tukishika kwa sentimetre 40, kilo 10 zinatosha. 20 mara 20 ni 400, na 10 mara 40 ni 400. Ni kanuni ya levye, ile ile tuliyoiandika kwa kaye, tukaipigia mustari muzuri mwekundu, na kisha interogasio tukaisahau. Kumbe inapita kwa barabara kila siku.

Tutazame na freni. Tuseme chukudu, muzigo na mutu vyote pamoja ni kilo 300, na mulima wa kushuka una mita 100 za kimo. Nguvu iliyofichwa kwa kimo kile ni 300 mara 9,8 mara 100, ni kusema jouli 294 000. Zile jouli haziwezi kupotea hivi hivi. Sehemu moja inaliwa na barabara na hewa. Ile inayobaki ni lazima iliwe na kipande cha mupira chini ya muguu, ao sivyo itaishia kwa ukuta wa nyumba ya mutu. Jouli 294 000 zinatosha kupasha litre moja ya maji kutoka digri 20 hata digri 90. Mukijua hivyo, hamutashangaa tena kama ule mupira unanuka moto kule chini ya mulima.

Na mawe? Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, mulima wa moto uliotapika mwaka wa 1977, mwaka wa 2002, na tena mwaka wa 2021. Mawe yale yanakata mipira ya kinga sawa kisu. Gurudumu la muti haliwezi kutoboka, maana halina hewa ndani. Likipasuka, linatengenezwa na seremala wa kijiji kwa shoka na misumari. Hakuna haja ya kungoja kipande kutoka Ulaya. Hapa ndipo sisi tunaona akili kubwa kuliko zote: chukudu haiombi kitu ambacho pahali pale hakiko.

Maseremala wale hawakuandika kanuni kwa ubao. Lakini walijaribu, wakatazama, wakarekebisha. Historia yao tunaweza kuisoma kwa chombo chenyewe. Kipande cha mupira chini ya goti kinatuambia kulikuwa goti lenye kidonda. Freni inatuambia kulikuwa mushuko ambao mutu aliuogopa. Kila sehemu ya chukudu ni jibu, na nyuma ya kila jibu kulikuwa shida ya mutu.

Mwaka wa 2009 watu wa Goma waliwekewa sanamu kubwa ya rangi ya zahabu, pahali barabara zinapozunguka: mutu na chukudu yake. Miji mingi inasimamisha sanamu za wakubwa na majemadari. Ya Goma ni ya mutu mwenye kubeba muzigo, na sisi tunaona walichagua vizuri.

FUNDI WA BIBLIA

Kwa darasa la dini tunafundishwa sana juu ya manabii na wafalme, na mafundi tunawapita. Fungueni Kutoka sura ya 31. Mutu wa kwanza ambaye kitabu kile kinasema Mungu alimujaza Roho yake hapo si nabii wala kuhani; ni Bezaleli, fundi wa zahabu, wa mawe na wa miti, pamoja na mwenzake Oholiabu. Roho alimupa kufikiri kazi na kuitenda kwa mikono. Basi mutu akisema kwamba kazi ya mikono ni ya wale waliokosa pwenti za kuendelea na masomo, mumuulize kama amesoma sura ile.

Na sura ya 35, mustari wa 34, inaongeza neno lingine: alipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Hilo tulitie alama. Fundi wa chukudu anafanya kazi mbele ya barabara, watoto wanamuzunguka, kila mutu anaona namna anavyochonga. Kama fundi wa kwanza angalificha ufundi wake sawa dawa ya kienyeji, leo tungalikuwa na chukudu moja tu, na yeye alipokufa ingalikufa naye.

Kuna tena wale watu wane wa Marko sura ya 2, waliomuleta mugonjwa wa kupooza. Mulango ulikuwa umejaa watu. Njia ya kawaida ilikuwa imefungwa, na kurudi nyumbani kulikuwa na sababu nzuri kabisa. Hakuna mutu angaliwalaumu. Wao wakatazama juu, wakaona dari. Hawakuitoboa kusudi wasifiwe kwa akili yao. Ndugu yao alikuwa amelala juu ya kitanda, basi.

KUBUNI NA ARTIKLE 15

Sasa tuingie kwa jambo ambalo ni gumu kidogo, na tunaomba tusikasirikiane. Wakati wa Zaire watu walizoea kusema kwa kuchekana: "Artikle 15", maana yake kila mutu ajitafutie namna anavyoweza. Neno lile lingali kinywani mwetu. Nalo lina sehemu mbili, na sisi vijana tunazichanganya.

Mama anayeuza beignets mbele ya mulango kusudi mutoto alipiwe masomo, huyu anajitafutia, na Mungu amubariki. Lakini mutu anayechanganya petroli na maji, naye pia anasema: "Ni artikle 15, ni akili." Mwenye kuuza dawa za zamani kisha kubadilisha tarehe juu ya karatasi, naye anasema ni akili. Na tusifike mbali: mwanafunzi anayeandika kanuni zote za kemia kwa kikaratasi kidogo sawa ukucha, kisha anakificha ndani ya mukono wa shati siku ya egzamen, wenzake wanamusifu: "Yule ni mujanja!" Tumehesabu: kuandika kikaratasi kile kwa herufi za sisimizi kunachukua usiku muzima. Kwa usiku ule ule angaliweza kuzijua zile kanuni.

Namna ya kutofautisha ni kuuliza: kesho kutabaki nini, na kwa nani? Ile ya petroli na maji inaishia kwa motere ya mutu mwingine. Kikaratasi kinaishia kwa mwanafunzi ambaye siku moja atakuwa munganga ao injinia wa daraja, na siku ile hatakuwa na mukono wa shati wa kutazama. Chukudu imebaki. Imelisha familia nyingi, hata katika miaka ya vita, wakati kamio hazikuthubutu kupita. Ujanja unataka mwingine asione. Kubuni kunataka wengine waone, waige, waongeze.

AKILI INAYOKUBALI KUPIMWA

Wengine watasema: hayo ni ya mbao na misumari, sisi tunataka kusoma udaktari. Vema, twende kwa udaktari.

Profesa Jean-Jacques Muyembe ni Mukongomani, alizaliwa mwaka wa 1942. Mwaka wa 1976, ugonjwa usiojulikana ulipoua watu kule Yambuku, katika Equateur, yeye alikuwa kati ya waganga wa kwanza kufika pale, akatoa damu za wagonjwa zikapimwe. Ule ulikuwa ugonjwa tunaouita leo Ebola. Hapakuwa dawa yoyote.

Mwaka wa 1995 Ebola ikatokea Kikwit. Zaidi ya watu 300 waliugua, na wengi sana kati yao wakafa, kama 8 kwa kila 10. Muyembe na wenzake wakajiuliza swali ambalo hata mwanafunzi wa biolojia angaliweza kujiuliza: huyu aliyepona, juu ya nini amepona? Bila shaka mwili wake umetengeneza silaha za kushinda ugonjwa, na silaha zile zingali ndani ya damu yake. Basi tukimupa mugonjwa damu ya mutu aliyepona? Wagonjwa 8 walipewa damu ya namna ile. Saba wakaishi.

Kama hadithi ingaliishia hapo, tungalipiga makofi, tungaliimba. Lakini wataalamu wengine hawakusadiki, na tuseme kweli, walikuwa na sababu. Watu 8 ni wachache. Walitiwa ile damu wakati ugonjwa ulikuwa umeendelea siku nyingi, tena walitunzwa vizuri kuliko wale wa kwanza. Labda wangaliishi hata bila ile damu. Nani anaweza kujua? Hakukuwa kundi lingine la kulinganisha. Hapa tunaona jambo ambalo kwa chukudu halionekani sana. Ubao mubaya unavunjika mbele ya macho yako na jibu unalo pale pale. Kwa mwili wa mutu jibu halionekani upesi, na mutu anaweza kujidanganya miaka mingi kwa wazo ambalo analipenda.

Muyembe hakuliacha lile swali, wala hakulifanya kuwa dini. Wataalamu walichukua damu ya mutu mumoja aliyepona Kikwit mwaka ule wa 1995, na baada ya miaka mingi wakatoa ndani yake silaha moja iliyo bora, wakaijenga kuwa dawa, inaitwa mAb114. Kisha Ebola ikafika kwetu: tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, Beni, Butembo, Mangina na Ituri, watu zaidi ya 2 200 walikufa. Wengi wetu tunakumbuka ndoo za maji ya klore mbele ya kanisa na mbele ya darasa. Kuanzia Novemba 2018 dawa ine zililinganishwa kule kule, na Muyembe alikuwa mumoja wa wakubwa wa kazi ile. Mugonjwa hakuchagua dawa, wala munganga hakumuchagulia. Ilikuwa sawa kupiga kura. Agosti 2019 hesabu zikaonyesha kwamba dawa mbili zinapita zingine. mAb114 ilikuwa moja kati ya hizo mbili. Kwa wale walioipata, karibu 35 kwa 100 walikufa. Kwa dawa ya kulinganishia, karibu 50 kwa 100. Na wale waliofika upesi kwa matunzo walipona zaidi sana.

Kutoka 1995 hata 2019 ni miaka 24. Swali liliulizwa Kikwit, jibu likapatikana kwa Wakivu. Tunataka kila mutu wa darasa la sayansi aandike ile hesabu mahali fulani, maana sisi tukijaribu kitu siku ya Jumatatu na Jumatano hakijafaulu, tunasema "mimi sina kipawa".

KUKARIRI NI KUBAYA?

Hapa kuna wenzetu ambao wanangojea tuseme kwamba kukariri ni kubaya na kwamba mwalimu aache kutuamuru kuandika. Hapana. Hatutasema vile. Fundi wa chukudu alianza kwa kuiga: alikaa kando ya fundi mukubwa, akachonga gurudumu sawa lile, tena lile, hata mukono ukajua. Muyembe alisoma vitabu vizito vya mikrobu miaka mingi mbele ya kuuliza swali lake. Mutu asiyejua kitu hawezi kubuni, anaota tu. Bila kukariri jedwali la kuzidisha, hata ile hesabu yetu ya freni ingalitushinda.

Ubaya unaingia pale tunaposimama kwa kukariri. Mwalimu anauliza: "Levye ni nini?" Tunatapika jibu bila kukosa herufi moja. Akiuliza: "Mulango wa darasa hili, juu ya nini tunausukuma kwa upande wa kitasa na si karibu na bawaba?", kimya. Kila mutu anatazama kiatu chake. Na bado jibu ni lile lile. Tunafikiri ingalikuwa vizuri, kisha kila somo, mwanafunzi ajiulize kwa siri: hili linakaa wapi kwa barabara, kwa jikoni, kwa shamba? Kama hakulipata, amuulize mwalimu kwa heshima. Mwalimu hatakasirika, na akikasirika, umuulize tena siku ingine akiwa amekula.

Kuna na jambo la kuchekana. Katika shule yoyote mwenye kujaribu kitu kipya anapewa jina: "Bwana Injinia", "Muzungu mupya", na mengine tusiyoweza kuandika. Kitu chake kikivunjika, darasa lote linacheka siku tatu. Ndugu, hiyo peke yake inatosha kuua mawazo mazuri kuliko ukosefu wa feza. Tunaomba, angalau kwa dada zetu, ambao wakileta wazo wanaambiwa wende kupika, tufunge midomo na kusikiliza hata mwisho. Tena kwa jambo linalofuata, wao wanajua kuliko sisi.

SHIDA INAYOTUNGOJA

Tulisema chukudu inabeba makala. Tusifiche: ile ni upande wake muzito. Sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka kwa miti iliyokatwa bila ruhusa ndani ya Parke ya Virunga, iliyowekwa tangu 1925. Chukudu haina kosa, inabeba kile inachopewa, lakini gurudumu likizunguka vizuri zaidi na mwitu unaisha mbio zaidi. Kumbe jibu zuri la shida moja linaweza kulisha shida ingine, na kazi ya akili inaanza tena.

Twende basi jikoni. Babula ya chuma tunayoizoea, ukiweka mukono kando yake unaungua. Ni kusema moto unatoka kwa pande, unapasha jikoni na miguu ya mama, na sufuria inapata kile kinachobaki. Kenya, katika miaka ya 1980, mafundi walitazama jiko la ndoo la watu wa Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani yake. Hawakulichukua zima. Walichanganya wazo lile na jiko lao la chuma, wakabadilisha umbo, udongo ukazuia moto usitoroke, na makala zikapunguka kwa chakula kile kile. Na Goma pia kuna mafundi wanaotengeneza majiko ya kulinda makala. Lakini kwa nyumba nyingi babula ni ile ile ya zamani, na ukiuliza juu ya nini, utapata majibu mengi: bei, udongo unaopasuka, jiko lisiloshika sufuria kubwa ya bugali wa watu kumi na wawili. Yale majibu ndiyo tunayataka. Kila moja ni goti lenye kidonda.

Kwa hiyo zoezi letu la likizo ni hili. Kwa juma moja, kila mwanafunzi akae jikoni kwao, si kwa kungoja chakula, lakini kwa kutazama. Apime makala za siku moja kwa kopo moja ambalo halibadiliki, asubuhi na magaribi. Aandike ni saa ngapi maji ya bugali yanachukua kuchemka, na sufuria ikifunikwa yanachukua ngapi. Amuulize mama ao dada yake, kwa adabu: "Mama, kwa babula hii ni kitu gani kinakusumbua kuliko vyote?", na aandike jibu kama vile lilivyosemwa, bila kulirekebisha. Kisha ajaribu kubadilisha kitu kimoja tu, kimoja peke yake, udongo wa kando, ao kifuniko, ao kimo cha sufuria, na apime tena siku tatu. Asibadilishe vitu viwili kwa mara moja, maana hatajua ni kipi kilichosaidia. Kama makala zimeongezeka pahali pa kupunguka, aandike vile vile; hesabu ya namna hiyo inatusaidia sawa ile ingine.

Wenye kuishi kwa interna watumie jiko la shule. Tumekwisha kusema na wapishi, nao wamekubali, ila hawataki watu zaidi ya watatu kwa mara moja.

Karatasi zitolewe kwa wakubwa wa kalasi, juma la kwanza la kurudi. Ukurasa mumoja tu, upande mumoja, kwa wino mweusi, maana stensili ni chache. Jina la kalasi liandikwe juu, na hesabu zote, hata zile za siku mvua ilipozima moto.